Chapa Haifui Chuma

Mwezi Machi mwaka 2024, katika mji mdogo wa Ilion, jimbo la New York nchini Marekani, kilifungwa kiwanda cha bunduki kijulikanacho kwa jina la Remington. Jina hilo lilianza kazi mwaka 1816, na tangu mwaka 1828 lilikuwa limeweka makao yake Ilion, hata mji na kiwanda vikawa chanda na pete. Wafanyakazi wapatao 270 walijulishwa kuwa kazi yao inahamishiwa LaGrange, jimbo la Georgia, kusini kabisa mwa nchi hiyo. Kwa wenye mali, hilo ni suala la hesabu ya kodi, mishahara na gharama za majengo makuukuu. Sisi twaliona kuwa ni sura moja tu ya kisa kirefu zaidi, nacho twaomba kukiingilia kwa mlango mdogo: bunduki ya wenzo yenye kupiga risasi ya inchi 0.22, ambayo mkulima wa Kimarekani humfundishia mwanawe shabaha kama mvuvi wa kwetu anavyomfundishia mwanawe mshipi kabla ya kumkabidhi jarife.

Hapana shaka msomaji atauliza inatuhusu nini. Visiwani humu raia mwenye bunduki ni nadra, na kila mwenye nayo hana budi kuwa na kibali cha dola. Hivyo ndivyo ilivyo, na hatuandiki kumtamanisha mtu. Lakini serikali hununua mashine za boti, pampu za maji, vyerehani vya skuli za ufundi na vitanda vya hospitali, na aghlabu hoja inayotolewa mezani ni moja: jina la kampuni ni la zamani na linajulikana. Kisa tunachokieleza kinahusu jina la zamani na lililojulikana.

Tena Connecticut, jimbo ambamo sehemu kubwa ya kisa hiki ilitendeka, si ugenini kwetu kama inavyodhaniwa. Katika karne ya 19 pembe za ndovu zilizopakiwa bandarini Unguja ziliishia kwa wingi katika vijiji viwili vya jimbo hilo, Deep River na Ivoryton, zikakatwa vipande vyembamba vya kufunikia vibonye vya piano. Mto uliozipokea pembe zetu, mto Connecticut, ndio huohuo ambao kandokando yake na katika miji ya jirani zilichipuka karakana za bunduki, saa na kufuli. Wazee wetu waliziona bidhaa za watu wale, na walikuwa na desturi ya kuzipima kwa mkono kabla ya kuzilipia. Kitambaa cha merikani kilishikwa, kikavutwa, kikanuswa, ndipo bei ikatajwa.

Tuanze na risasi yenyewe, kwani bunduki ni mtumwa wa risasi yake. Risasi za bunduki kubwa zina fataki iliyopachikwa katikati ya kitako cha ganda. Hii ndogo haina. Ganda lake ni bati jembamba la shaba, na kitako chake kimekunjwa kikafanya ukingo wenye uwazi ndani. Dawa ya kuwashia hutiwa humo ikiwa bado mbichi, kisha ganda huzungushwa kwa kasi ili dawa isambae ukingoni pote. Juu yake hutiwa baruti, na mdomoni hupachikwa risasi ya gramu 2.6 hivi. Kifyatulio kikivutwa, msumari wa ndani huuponda ukingo na moto huwaka. Kwa kuwa ukingo ni lazima upondeke kwa pigo jepesi, bati haliwezi kuwa nene; na kwa kuwa bati si nene, nguvu ya mlipuko haiwezi kuwa kubwa. Ndiyo sababu risasi ya namna hii imebaki ndogo, yenye sauti ya chini na bei nafuu, na ganda lake likishatumika halijazwi tena. Ya kwanza ya aina hii kwa bastola za Kimarekani ilitolewa na Smith & Wesson mwaka 1857; ile ndefu zaidi, inayotumika duniani kote leo, ilitolewa na kampuni ya Stevens mwaka 1887.

Wenzo nao una historia yake. Mwaka 1860 Benjamin Tyler Henry alipata hataza ya bunduki ambayo mpigaji hushusha wenzo ulio chini ya mkono wake na kuupandisha, na kwa tendo hilo moja ganda tupu hutoka, kinyundo hutegwa, na risasi mpya hupanda kutoka bomba lililo chini ya mtutu. Ilibeba risasi 16, wakati ambapo askari wengi wa vita vile vya wenyewe kwa wenyewe walikuwa wakishindilia moja moja mdomoni. Nayo ilipiga risasi ya ukingo, ila kubwa, ya inchi 0.44. Baadaye bunduki kubwa ziliiacha risasi ya ukingo kwa sababu ya ule udhaifu wa bati tuliouona, na wenzo ukabaki na ndugu wawili: mkubwa wa kuwindia paa na dubu, na mdogo wa kuwindia sungura na kuchezea shabaha.

Aliyemlea huyo mdogo kwa muda mrefu kuliko wote ni kampuni ya Marlin, iliyoanzishwa na John Mahlon Marlin huko New Haven, Connecticut, mwaka 1870. Mwaka 1891 ilitoa bunduki ya wenzo ya inchi 0.22, ikairekebisha na kuirekebisha tena, hadi mwaka 1922 ikafikia namba 39, na mwaka 1939 ikaitwa 39A. Kiwiliwili chake kilikuwa chuma cha pua kilichofuliwa na kuchongwa, kitako chake ni mti wa jozi, na ubavuni mwake ilikuwa na skurubu moja kubwa ambayo ukiizungusha kwa sarafu bunduki yote hugawanyika vipande viwili. Wenye pupa hudhani hilo lilikuwa kwa ajili ya kuifunga begini. La. Faida yake kubwa ni kwamba mtutu waweza kusafishwa kutokea nyuma. Bunduki ya wenzo isiyofunguka hulazimu ufito wa kusafishia uingizwe kwa mbele, nao baada ya miaka hula ncha ya mtutu, mahali ambapo risasi huagana na chuma. Na ncha ikiharibika, shabaha hakuna.

Kampuni hiyo ilipata kufilisika. Mwaka 1924 wakili mmoja, Frank Kenna, aliinunua mnadani kwa dola 100 taslimu, pamoja na kubeba deni la rehani la dola 100,000. Ukoo wake uliishika kwa zaidi ya miaka 80, na mwaka 1969 kiwanda kikahamia North Haven, mji wa jirani. Hatusemi kwamba wenye mali hao walikuwa mawalii. Lakini kiwanda kilikaa mahali pamoja, na watu walikaa kiwandani. Mashine nyingi zilikuwa za zamani, zimelegea hapa na kukakamaa pale, na michoro ya karatasi haikulingana tena sawasawa na kilichokuwa kikitengenezwa. Kilichoziba pengo baina ya mchoro na bunduki kilikuwa mkono wa mfanyakazi, aliyejua kuwa mashine fulani hukata pungufu kidogo, na kwamba kipande chake hutaka tupa mara mbili tatu kabla hakijakaa. Maarifa hayo hayakuandikwa popote. Hakuna aliyeyaona kuwa ni mali, kwa hiyo hayakuingia katika daftari la mali.

Mwaka 2007 shirika la mitaji la Cerberus liliinunua Remington, na kabla mwaka huo haujaisha Remington ikatangaza kuinunua Marlin. Mwezi Machi 2010 ilitangazwa kwamba kiwanda cha North Haven kitafungwa. Mwaka 2011 kikafungwa, na watu zaidi ya 200 wakapoteza kazi. Mashine zilipakiwa malorini, sehemu kubwa ikapelekwa Ilion. Watu hawakupakiwa.

Yaliyofuata yanajulikana kwa kila mwuza bunduki wa Marekani. Bunduki za wenzo zilizotoka na chapa ya Marlin katika miaka ile ya mwanzo zilikuwa na vilengeo vilivyokaa mshazari, mbao zisizokutana na chuma, skurubu zilizokwaruzwa kabla hazijafika dukani, na wenzo uliokwama katikati ya safari yake. Wanunuzi wakazitungia jina la kejeli kwa kuunganisha majina ya kampuni hizo mbili. Wafanyakazi wa Ilion walilaumiwa, na kwa maoni yetu walilaumiwa kwa dhuluma: walipewa vyombo visivyo vyao, vyenye ukaidi wasioufahamu, na michoro iliyosema uongo, kisha wakatakiwa kutoa idadi. Kuhusu ile ndogo, 39A, iliyokuwa ikihitaji kazi nyingi ya mkono kuliko zote, ilitoweka katika uzalishaji wa kawaida.

Tangu hapo mnunuzi wa bunduki kuukuu akiingia dukani huigeuza kwanza na kutazama mtutu karibu na kiwiliwili. Akiona herufi JM ndani ya duara dogo, hutabasamu. Akiona REP, hurudisha rafuni. Jambo hili limekuwa kama tiba ya wasiojua kupima. Twasema hivyo kwa sababu JM iliendelea kupigwa North Haven hata baada ya kampuni kuuzwa, na bunduki za miaka ya mwisho kabla ya kufungwa si zote zilizo sawa na za baba zao. Kwa upande mwingine, kati ya zenye REP, hasa za miaka ya baadaye, zimo zilizo nzuri kabisa. Herufi hueleza mahali. Kazi ya kupima humbakia mwenye macho.

Basi hupimwaje? Kwanza ihakikishwe kuwa haina risasi, chemba na bomba vyote viwili, na hili halina mkubwa wala mdogo. Kisha wenzo ushushwe polepole. Bunduki njema husema sauti mbili au tatu zilizo wazi, kila moja mahali pake, wala hakuna panapokwaruza kama mchanga. Wenzo ukifungwa usicheze ovyo upande na upande. Ndani ya mtutu patazamwe kwenye mwanga: michirizi iwe mikali na inayong'aa, bila vijishimo vya kutu. Ncha ya mtutu ipitishwe ukucha kuzunguka pote. Ukingo wa chemba utazamwe kama una kovu, maana msumari wa bunduki za aina hii, ukifyatuliwa mara nyingi chemba ikiwa tupu, waweza kuupiga ukingo wa chuma badala ya ukingo wa risasi, na kovu hilo huzuia risasi kuingia vyema na ganda kutoka. Vichwa vya skurubu navyo ni mashahidi wa kweli: vikiwa vimekatika, ujue bunduki imefunguliwa na asiyejua kazi, na haijulikani alikorogea wapi tena.

Baada ya hapo ndipo karatasi ya shabaha. Iwekwe mita 46 hivi, ambazo ni yadi 50 za wenyewe. Mpigaji aegemee mfuko wa mchanga, apige tano. Tano hizo zikikaa ndani ya sentimita 2 na nusu, bunduki ya wenzo haidaiwi zaidi. Zisipokaa, asikimbilie kuihukumu bunduki. Risasi ya ukingo ina tabia ambayo wageni hawaiamini hadi waione: mtutu mmoja hupenda risasi za kiwanda hiki na kuzichukia za kile, na jirani yake aliyetoka siku moja naye hupenda kinyume. Mwenye busara hujaribu aina nne au tano. Vivyo hivyo risasi isipolia: asubiri nusu dakika mtutu ukielekea mahali salama, aitoe, aigeuze nusu duara, airudishe. Ikilia mara ya pili, yaelekea dawa haikusambaa vizuri ukingoni na kosa ni la risasi. Zikigoma za aina zote, basi dosari imo katika springi, msumari au nafasi ya kitako cha risasi, na hapo huitwa fundi.

Soko la leo lina mambo mengine yanayostahili kutajwa. Mwaka 1996 huko Brooklyn ilianzishwa kampuni iliyojiita Henry, ikichukua jina la yule mgunduzi wa mwaka 1860, ingawa haina urithi wowote wa karakana kutoka kwake. Bunduki yake ya kwanza, ya inchi 0.22, ilianza kuuzwa mwaka 1997, na imewafikia watu wengi mno. Kiwiliwili chake hakikufuliwa. Kimesubiwa katika kalibu kwa aloi ya zinki, kisha kikafunikwa. Nyingine ya kampuni hiyohiyo hung'aa kama dhahabu, na asiyeuliza hudhani ni shaba njano tupu, kumbe nayo ni aloi iliyofunikwa. Wapo wanaoilaani zinki kana kwamba ni najisi. Sisi hatumo. Risasi yenye nguvu ndogo haihitaji ngome, na wenzo wa bunduki hizo husifiwa hata na mahasimu kwa ulaini wake. Tunachokishikilia ni kwamba aloi ya zinki ikishalika au kupasuka haitengenezeki kama chuma, na mnunuzi ana haki ya kuambiwa anachokilipia. Jina la marehemu na rangi ya dhahabu havimwambii.

Na kuna bunduki ya Browning, BL-22, iliyotoka mwaka 1969. Wenzo wake husafiri nyuzi 33 tu, na kifyatulio hushuka pamoja nao ili kidole kisibanwe. Jina ni la Kimarekani, lakini hutengenezwa Japani na kampuni ya Miroku. Winchester nayo, iliyotoa bunduki yake nzuri ya chuma kilichofuliwa, namba 9422, kutoka mwaka 1972 hadi 2005, ilifungiwa kiwanda chake cha New Haven mwaka 2006, na miaka michache baadaye bunduki za wenzo zenye jina lake zikaanza kutoka kwa Wajapani haohao. Mmarekani aliyeapa kuwa hatanunua cha kigeni aliishika, akautazama mti ulivyokutana na chuma pasipo uwazi wa kupitisha karatasi, akanyamaza. Miroku hawakuwa na muujiza. Waliwaweka watu wao kazini, mwaka baada ya mwaka.

Neno moja kwa mwenye kumiliki, popote alipo. Risasi hii ndogo huitwa ya kitoto, na neno hilo limeua. Inaweza kusafiri zaidi ya kilomita 2, nayo ikipiga maji au jiwe hubadili njia. Katika kisiwa chenye vijiji vilivyosongamana hakuna upande ambao kilomita 2 zimekaa tupu isipokuwa baharini, na baharini kuna wavuvi. Ifungiwe bunduki mahali pake na risasi mahali pengine, na ufunguo usijulikane na mtoto.

Turudi kwenye kisa. Remington iliyolemewa na madeni iliomba ulinzi wa mahakama ya ufilisi mwezi Machi 2018, na tena mwezi Julai 2020. Safari ya pili ilivunjwa vipande na kuuzwa. Marlin ilinunuliwa na kampuni ya Ruger kwa dola milioni 28 na kitu, na kazi ikapelekwa Mayodan, North Carolina. Wanunuzi hao hawakuharakisha. Waliketi kuchora upya kila kipande na kukipima upya, ili kile ambacho North Haven kilikuwa kimo mikononi mwa watu sasa kiandikwe na mashine mpya iweze kukisoma. Bunduki ya kwanza ilitoka mwishoni mwa mwaka 2021, zaidi ya mwaka mmoja baada ya mnada, na waliozishika za miaka iliyofuata wamezisifu, wengine wakisema zimewapita hata wazee wenye JM. Hiyo ni sifa kubwa, na pia ni hesabu ya gharama: ilibidi mtu alipe upya, kwa wahandisi na kwa muda, yale maarifa ambayo mwaka 2011 yaliachwa yaondoke kwa miguu kupitia lango la kiwanda.

Walianza na ile kubwa, namba 1895, yenye bei kubwa, kisha wakafuatisha nyingine kubwa. Si ajabu. Ile ndogo ya inchi 0.22 ina vipande vingi vilevile na hutaka uangalifu uleule, lakini mnunuzi huitazamia kwa bei ya bunduki ya mtoto. Na katika maduka ya Connecticut na kwingineko, 39A ya miaka ya hamsini, iliyotoka kwa watu ambao majina yao hayakuandikwa juu ya chuma, bado hugeuzwa kwenye mwanga na wanunuzi ambao hawajaacha kuitafuta.